Amplifaya ndani au nje? Spika za baba na bumu langu

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliandika kabla ya UE, na tangu hapo ni mbio tu: mitihani, kujiandaa na BTP, halafu hili jambo ninalotaka kuwasimulia leo, ambalo limenila wiki tatu na karibu bumu lote lililokuwa limebaki. Chukueni chai, ni refu kidogo.

Swali lenyewe ukilitazama ni dogo. Unataka redio na muziki sebuleni nyumbani. Je, ununue spika zenye amplifaya ndani yake, zile unachomeka ukutani na kazi imekwisha? Au utumie spika tupu, maboksi yasiyo na umeme wowote ndani, na amplifaya ikae pembeni peke yake na kuyalisha kwa waya? Madukani za kwanza wanaziita aktivu na za pili pasivu, na mimi nitaziita hivyo hivyo. Mimi ni mwanafunzi wa ualimu, nasoma Fizikia na Hisabati mwaka wa tatu, nikajiona hili ni swali la dakika tano. Kumbe!

Nianzie nyumbani Tanga. Baba yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mwaka 1996, kabla sijazaliwa, aliitwa kusahihisha mitihani ya darasa la saba, na posho aliyolipwa hakujengea wala hakununulia shamba. Alinunua amplifaya na spika mbili. Mama mpaka leo akisimulia anatikisa kichwa. Maboksi ya mbao, marefu kama mtoto wa chekechea, kila moja lina wufa ya inchi 8 na twita moja juu. Mimi nimekulia mbele ya maboksi hayo. Nilijifunza kusimama kwa kushika boksi la kushoto (hii ni kwa mujibu wa mama, mimi sikumbuki bwana).

Mwaka 2022 umeme ulikatika usiku, ukarudi kwa nguvu, amplifaya ikatoa moshi. Mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa na akili za kidato cha pili, akaibeba akaiuza kwa wanunua vyuma chakavu kwa sh. 5,000. Baba hakusema kitu. Spika zikabaki pale pale, mama akaweka vitambaa na maua ya plastiki juu, zikawa meza.

Halafu Oktoba 2023 baba akapata kiharusi. Ameinuka, tunashukuru, ila mkono wa kulia haufanyi kazi na maneno yanatoka polepole. Mtu aliyesimama mbele ya ubao miaka 34 sasa anakaa kwenye kiti sebuleni kuanzia asubuhi mpaka usiku. Redio anasikiliza kwenye simu ya mama, imeegeshwa dirishani, inalia kama nzi ndani ya chupa. Mama akienda kuuza vitumbua anaondoka na simu yake. Baba anabaki na ukuta.

Nilipokuwa likizo niliona hilo kwa macho yangu. Nikarudi chuo nikiwa na wazo moja tu kichwani. Nikabana bumu, nikala wali maharage mpaka maharage yakanijua jina, nikafikisha sh. 180,000. Nikasema namnunulia baba spika mpya, zile za kisasa, yale maboksi tutampa mtu.

Safari ya kwanza Kariakoo. Nilipanda mwendokasi Ubungo nikashuka Msimbazi, jua la saa sita, watu kama siafu. Duka la kwanza tu kijana akanidaka: “Sista, karibu, sabufa gani unataka?” Mnayajua haya masabufa: boksi moja kubwa la besi chini, vispika viwili au vinne pembeni, taa za rangi zinapepesa, redio, Bluetooth, mahali pa flash, vyote ndani kwa ndani. Sh. 165,000. Kwenye katoni pameandikwa wati 12,000. Nikamuuliza, wati 12,000 kweli? Akaniambia, “Kabisa sista, ukiweka mwisho nyumba inahama.”

Sasa hapa wadau niwape ujanja mmoja niliotumia, hauhitaji digrii. Geuza mashine nyuma, tafuta kile kibandiko kidogo karibu na waya wa umeme. Pale pameandikwa inakula wati ngapi kutoka ukutani. Hii ilikuwa 60. Kama inaingia 60 haiwezi ikatoka 12,000. Nishati haizaliwi ndani ya boksi, tulifundishwa tangu kidato cha kwanza. Namba kubwa za kwenye katoni wanaziita PMPO na hazina kipimo kinachoeleweka. Inayosema kweli ni ile inayoitwa RMS, na hata hiyo isipoonekana, angalia tu kibandiko cha nyuma. Na kwa kweli hakuna haja ya kuzitamani wati. Ukiongeza wati mara mbili sauti inapanda desibeli 3 tu, unaona tofauti ndogo. Ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji kama mara kumi ya wati. Spika ya kawaida ya nyumbani ikipewa wati 1 inatoa karibu desibeli 88 ukiwa mita moja mbele yake. Mtu anayesikiliza taarifa ya habari akiwa amekaa mita tatu hafikishi hata wati moja!

Lakini kilichonikwamisha pale dukani hakikuwa wati. Kijana aliiwasha, ikapiga kelele kwa sauti ya kike ya Kizungu kwamba iko kwenye Bluetooth. Nikamwambia weka redio. Akachukua rimoti nyembamba kama kadi, vitufe kama punje za mchele, akabonyeza mara tatu ndio ikaenda redio. Nikauliza sauti inaongezwa wapi bila rimoti? Akanionyesha kitufe kile kile cha kubadili stesheni: ukikibonyeza haraka unaruka stesheni, ukikishikilia unaongeza sauti. Nikamfikiria baba na mkono wake wa kushoto. Nikarudisha pesa kwenye soksi (ndiyo, natembea na pesa kwenye soksi Kariakoo, msinicheke).

Duka la tatu au la nne nikakutana na aktivu za heshima. Edifier, ile R1280T, boksi mbili ndogo nzuri za rangi ya mbao, wufa ya inchi 4, wati 21 kwa kila upande, namba za ukweli. Na pembeni ya boksi la kulia kuna visu vya kuzungusha, besi, twita, sauti. Wadau, zinalia! Muuza duka akaweka sauti ya mtu anayeongea tupu bila muziki, nikasikia mpaka midomo inavyogusana. Bei yake ilizidi pesa yangu mara mbili na zaidi. Nikamwambia nitarudi. Sote wawili tulijua sirudi.

Nikiwa kwenye mwendokasi kurudi ndipo nikaanza kufikiri badala ya kutamani. Ile Edifier, ukiichunguza, amplifaya yote iko ndani ya boksi moja, la pili ni spika tupu inayolishwa kwa waya kutoka kwa mwenzake. Sabufa vile vile. Yaani wingi wa vitu tunavyoviita aktivu ni spika pasivu iliyomeza amplifaya. Aktivu yenyewe hasa ni kitu kingine, na hapa mnivumilie dakika mbili, mwalimu mtarajiwa kashika chaki.

Ndani ya boksi lenye wufa na twita lazima pawe na kitu cha kugawa sauti: nzito ziende kwa wufa, nyembamba ziende kwa twita, vinginevyo twita itaungua. Kitu hicho kinaitwa krosiova. Kwenye pasivu, amplifaya moja inatoa sauti yote, inapita kwenye waya, inafika ndani ya boksi, halafu koili na kapasita zinaigawa. Kugawa umeme ambao tayari una nguvu kunakula baadhi ya hiyo nguvu, na zile koili zinakaa katikati ya amplifaya na wufa kama mkalimani. Kwenye aktivu ya kweli ugawaji unafanyika mwanzo, sauti ikiwa bado ndogo, kisha wufa ana amplifaya yake na twita ana ya kwake. Hakuna mkalimani. Aliyetengeneza anajua hii wufa inakohoa wapi, anarekebisha kabla haijatoka. Kampuni ya Genelec ya kule Iisalmi, Finland, ilianza mwaka 1978 kwa kutengeneza spika za namna hiyo kwa ajili ya shirika la utangazaji la nchi yao, YLE, na leo studio nyingi duniani hutumia aktivu. Kwa hiyo mtu akikwambia pasivu ndio sauti halisi, za aktivu ni za watoto, mwambie aende taratibu. Kwa kanuni, aktivu inashinda.

Na kwa chumba changu hapa hosteli mimi nisingejiuliza mara mbili. Mwenzangu wa chumba ana vispika viwili vya mezani, vinakula umeme wa USB kutoka kwenye kompyuta, waya mmoja, havijai hata begi. Tukihama chumba anavitia mfukoni. Nani aje hosteli na amplifaya na maboksi ya mbao, aviweke wapi, juu ya ndoo?

Ila baba hahami.

Usiku ule ndipo nilipokumbuka vitambaa na maua ya plastiki. Kilichoungua mwaka 2022 kilikuwa amplifaya. Maboksi hayakuguswa! Kama baba angenunua aktivu mwaka 1996, siku ile ya moshi kingekufa kila kitu pamoja, na mdogo wangu angepata sh. 5,000 kwa vyote. Amplifaya ndiyo yenye roho nyepesi. Inapigwa na umeme unaopanda na kushuka, inapata joto, kapasita zake zinakauka kadiri miaka inavyokwenda. Ukiifungia ndani ya boksi moja na wufa unaitia kwenye joto na mtikisiko mchana kutwa, mpaka risasi zinaanza kuachia. Boksi lenyewe, likilindwa na mchwa na mvua, linaweza kuishi kuliko mwenye nalo.

Nikampigia mdogo wangu asubuhi. Nikamwambia hujambo hujambo baadaye, toa maua, toa vitambaa, geuza boksi nyuma, chukua betri ya saa ya ukutani. Betri moja tu ya volti 1.5. Chukua vipande viwili vya waya, gusisha betri kwenye zile pini mbili za nyuma, usishikilie, gusa na uachie. Spika nzima itafanya “ko!” na wufa itaruka kidogo mbele au nyuma. Ikinyamaza kabisa kuna kitu kimekatika.

Nikaweka simu sikioni nikasubiri. Nikasikia mama anauliza huyu anafanya nini na saa yangu. Kisha, kwa mbali, “ko.” Halafu tena, “ko, ko.” Kisha kimya, viti vinaburutwa, akaenda boksi la pili. Hapo ikatoka sauti kama ya kukwaruza kiatu, “khrr.”

Na hapo nikasikia sauti nyingine, polepole, neno moja moja. Baba. “Ya kushoto... nzima. Ya kulia... sponji.”

Wadau, baba yangu tangu kiharusi huwa anajibu akiulizwa. Kusema jambo mwenyewe bila kuulizwa, sijui mara ya mwisho ilikuwa lini. Mdogo wangu naye alinyamaza. Nikajifanya mtandao unakatika nikakata simu, nikakaa kwanza kwenye ngazi za hosteli.

Na alikuwa sahihi. Wufa za aina ile zina ringi ya sponji ukingoni inayoshika karatasi ya spika ili icheze katikati. Sponji inaoza kwa umri, na joto na unyevu wa pwani yetu ile haviisaidii. Ikishaoza karatasi inakaa upande, koili inagusa sumaku, ndio ule mkwaruzo. Ni ugonjwa unaotibika: ringi mpya, gundi na mikono iliyotulia. Spika haifi kwa hilo.

Basi nikarudi Kariakoo safari hii nikiwa na orodha. Niliuliza kwanza kwa fundi wa maabara yetu ya fizikia, mzee mmoja mpole, nikamwambia spika za omu 8, mtu mmoja, sebule ya kawaida, mkono mmoja. Akaniambia usinunue amplifaya kubwa ya mtumba, itakula umeme na ikifa transfoma yake ni bei kuliko yenyewe. Tafuta zile ndogo za kisasa zinazoitwa Class D, zenye chipu ya TPA3116 au jamii yake. Zinatumia adapta kama ya kompyuta mpakato, volti 12 hadi 24, hazipati joto jingi. Na umeme ukikatika unaweza kuitia kwenye betri ya sola ya volti 12, ikaendelea kulia. Hilo la mwisho ndilo lililonimaliza. Akanisisitiza, “Angalia kisu cha sauti kiwe kikubwa, na swichi ya kuwasha iwe kwenye kisu hicho hicho. Akizungusha kulia, inawaka. Akirudisha kushoto mpaka ‘ta’, imezimika.”

Nilizunguka maduka saba. Wengi wana ndogo zenye visu kama vifungo vya shati. Nikaipata duka la saba, boksi jeusi la chuma lisilozidi ukubwa wa kitabu cha Biolojia cha kidato cha tano, kisu kimoja kikubwa katikati ya uso, sh. 75,000 na adapta yake. Mfukoni nikabaki na 105,000, na hapo ndipo watu huharibu hesabu: wananunua amplifaya wanasahau vingine. Ringi mbili za sponji za inchi 8, sh. 16,000 (nilinunua mbili, maana ile ya kushoto nayo umri ni ule ule, inasubiri zamu). Redio ndogo yenye tundu la kutolea sauti, sh. 25,000, kwa sababu amplifaya peke yake haina redio. Kifaa cha kulinda umeme, kile watu wanachofungia friji, kinachokata umeme ukipanda au ukishuka sana na kusubiri utulie ndipo kirudishe, sh. 30,000. Hiki usikiruke hata uwe na haraka gani. Mwaka 2022 kama tungekuwa nacho nisingekuwa naandika haya.

Na waya. Hapa muuzaji mmoja alitaka kuniuzia waya “spesho wa muziki” sh. 6,000 kwa mita, unang'aa kama mkufu. Nikapiga hesabu pale pale nyuma ya risiti. Kutoka amplifaya mpaka spika ya mbali ni mita 6, kwenda na kurudi mita 12. Waya wa kawaida wa shaba wa 1.5 una ukinzani wa karibu omu 12 kwa kilomita nzima. Kwa mita 12 ni omu 0.14 hivi, mbele ya spika ya omu 8 haifiki asilimia 2. Nani atasikia? Ukichukua ule mwembamba wa 0.5 ndipo unaanza kupoteza kama asilimia 5 au zaidi, hapo afadhali ukatae. Nikachukua wa 1.5 wa nyaya mbili, mita 12 kwa spika zote mbili, sh. 1,200 kwa mita. Muuzaji akasema, “Dada wewe mwalimu?” Nikamwambia bado kidogo.

Ijumaa nikapanda basi la Tanga, boksi mapajani kilomita zaidi ya 300. Nimefika jioni, shikamoo baba, marahaba, akatazama mfuko, akatazama maboksi, akatabasamu upande mmoja. Mama alikuwa na malalamiko yake na hayakuwa ya bure. Alisema yeye anataka kitu kisicho na waya za kumkwaza anapofagia, na yale masabufa ya jirani yana taa nzuri. Ni kweli, waya ndio kero ya pasivu, hilo halina ubishi. Jumamosi mdogo wangu alizipigilia ukutani kwa klipu, zikapita juu ya mlango, mama akakagua kwa ufagio mkononi, akapitisha.

Wufa ya kulia tuliipeleka kwa fundi redio Ngamiani. Alikwangua sponji iliyooza, akabandika mpya, akaiacha gundi ikauke usiku kucha, akatoza sh. 10,000. Nilipomuuliza angeweza kutengeneza sabufa la kisasa akacheka, akanionyesha rundo pembeni: “Hizi zote bodi moja inafanya kila kitu. Redio ikifa, Bluetooth imekufa, amplifaya imekufa. Nikipata bodi inayofanana natengeneza. Nisipopata nauza spika zake kwa wenye pikipiki za matangazo.”

Jumapili asubuhi nikaunganisha. Nikawasha. Ikalia! Mama akapiga kigelegele kabisa, mdogo wangu akaanza kucheza. Mimi mwanafizikia nikasimama katikati ya sebule nimejishika kiuno. Ila kuna kitu hakikuwa sawa, sauti ilikuwa kama imetawanyika, haina tumbo. Nikaanza kulaumu amplifaya ndogo, nikaona fundi wa maabara kanidanganya, nikaanza kuhesabu pesa ningeongeza ngapi.

Baba akainua mkono wa kushoto. Akanyoosha vidole viwili, akavipishanisha. Sikuelewa. Akavipishanisha tena, akanyooshea boksi la kulia. “Waya,” akasema. “Umegeuza.”

Nikaenda nyuma ya boksi. Nyekundu kwenye nyeusi, nyeusi kwenye nyekundu. Spika moja ikisukuma hewa mbele nyingine inaivuta nyuma, sauti nzito zinafutana hewani. Mada ya mawimbi, nimeipatia A kidato cha sita, na wiki mbili zijazo naenda kuifundisha watoto wa watu! Nikageuza waya. Besi ikarudi sebuleni kama mtu aliyeingia na kukaa. Baba akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia, na hii sentensi ilimchukua muda, “Na mimi... mwaka wa tisini na sita... nilikosea hivyo hivyo. Siku tatu.”

Amplifaya tumeiweka juu ya kistuli upande wake wa kushoto. Kisu anakizungusha mwenyewe. Anasikiliza TBC Taifa, ambayo bado anaiita RTD, na taarabu mchana. Kuna tatizo jipya: anaamka saa kumi na moja alfajiri, anawasha, na mdogo wangu anayelala chumba cha pili amenitumia ujumbe wa malalamiko wenye alama za mshangao kumi na nne. Nikamjibu akumbuke sh. 5,000 za vyuma chakavu.

Nimerudi chuo na sh. 9,600 mfukoni (nauli ya kwenda na kurudi nilimkopa mwenzangu wa chumba, bado sijamlipa, na anasoma hapa, kwa hiyo nitamlipa, usijali). Juzi jioni nilipiga simu nyumbani, mama akampa baba. Nikawa simsikii, redio ilikuwa inarindima nyuma yake. Nikamwambia baba, sikusikii, mwambie mtu apunguze. Hakumwita mtu. Nikasikia sauti inashuka taratibu, taratibu, halafu “ta.”

“Haya,” akasema. “Sema.”

Jumatatu naanza BTP. Tutaonana nikipata bando.